Mwanga Kabla Haujatoka

Msimu wa senene ukifika, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, usiku wa Bukoba hubadilika. Kutoka Bilele mjini hadi vilima vya Muleba, taa kali huwashwa, mabati husimamishwa kuizunguka taa, na mapipa huwekwa chini yake. Senene huufuata mwanga, hujigonga kwenye bati, huteleza na kutumbukia pipani. Bati lina kazi mbili: kuurudisha mwanga uende mbali zaidi angani, na kumnyima mdudu mahali pa kushika. Ndiyo maana mtegaji hutafuta bati jipya linalong'aa, kwa kuwa lililoshika kutu halisaidii katika kazi yoyote kati ya hizo.

Kuna jambo moja ambalo bati haliwezi kulifanya. Haliwezi kuilazimisha taa itoe mwanga zaidi wala kuizuia isitoe. Lisogeze karibu, lipeleke mbali, lipake rangi au liondoe kabisa, balbu itakula umeme uleule na kutoa mwanga uleule. Bati hushughulika na mwanga ambao umekwisha kutoka.

Sasa tupunguze vipimo vyote. Mahali pa balbu tuweke atomu moja, au molekuli moja ya rangi inayong'aa. Mahali pa bati tuweke chembe ya dhahabu, au molekuli ya aina nyingine. Umbali kati yao uwe nanomita chache, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hapo kanuni ya mtego wa senene inavunjika. Jirani aliye karibu kiasi hicho hasubiri mwanga utoke ndipo aurudishe au aumeze. Anaingilia kabla haujatoka. Uwepo wake ndio unaoamua kama mwanga utatoka, utatoka upesi kiasi gani, na utaelekea upande gani.

Jambo hili lina historia ndefu katika fizikia, na kwa wakazi wa Kagera lina sababu ya pekee ya kufahamika. Machi 2023, watu walipoanza kufa kwa ugonjwa usiojulikana katika kata za Maruku na Kanyangereko, Wilaya ya Bukoba, sampuli za damu zilipelekwa Dar es Salaam, na jibu lililorudi lilisomwa kutoka kwenye mwanga wa aina hii hasa. Mashine iliyolitoa ilikuwa inapima kama molekuli mbili bado ni majirani au zimeachana.

Tuanze na swali la msingi. Atomu iliyopewa nishati ya ziada haidumu nayo. Baada ya muda huitoa, mara nyingi kama chembe moja ya mwanga, yaani fotoni. Kwa nini inaitoa, na kwa nini kwa kasi ile na si nyingine? Mwaka 1917 Albert Einstein aliipa kila atomu namba inayoeleza uwezekano wa kutoa mwanga yenyewe bila kusukumwa na mwanga mwingine. Namba hiyo ilizoeleka kusomwa kama sifa ya atomu, kama ulivyo uzito wake. Lakini mwaka 1927 Paul Dirac alionyesha inakotoka. Atomu haitoi mwanga peke yake. Inautoa kwa sababu imeunganika na uga wa sumaku-umeme, ambao umejaa kila mahali, hata gizani, hata penye ombwe tupu. Uga huo una namna zake za kutetema, na kila namna ni njia moja ambayo nishati ya atomu inaweza kuifuata kwenda nje.

Mtu aliyefunga mizigo yake na kufika stendi ya Bukoba yuko tayari kusafiri. Hata hivyo, ataondoka lini haitegemei utayari wake tu. Inategemea ni mabasi mangapi yanaondoka saa ile kuelekea anakokwenda. Penye mabasi mengi hakai, pasipo na basi atalala hapohapo. Kasi ya atomu kutoa mwanga ni zao la mambo hayo mawili: utayari wa atomu yenyewe, na wingi wa njia zilizopo mahali pale kwa mwanga wa masafa yale. Utayari ni wa atomu. Wingi wa njia ni wa mahali. Na mahali panaweza kujengwa upya.

Aliyeliona hilo mapema ni Edward Purcell wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1946 alichapisha taarifa fupi sana. Hakuwa akizungumzia mwanga unaoonekana, bali mawimbi ya redio na usumaku wa kiini cha atomu. Alikadiria kwamba kiini kilichosisimka, kikiachwa katika nafasi tupu, kingehitaji sekunde 5 zikifuatiwa na sifuri 21 kutoa nishati yake chenyewe. Huo ni muda unaozidi umri wa ulimwengu zaidi ya mara 10,000. Kisha akaonyesha kwamba ukichanganya katika dutu hiyo chembe ndogo za metali, zenye kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita, muda huo unashuka hadi dakika. Chembe hazigusi kiini wala hazibadilishi umbile lake. Zinaongeza njia. Kanuni aliyoiacha inasema kwamba ongezeko la kasi hupanda kadiri kitu kilicho jirani kinavyoweza kulihifadhi wimbi kwa muda mrefu, na hupanda pia kadiri nafasi ambamo wimbi limebanwa inavyokuwa ndogo likilinganishwa na urefu wake. Wanafizikia leo huliita jambo hilo athari ya Purcell.

Kuhesabu ni kitu kimoja, kupima ni kingine. Kipimo cha kwanza cha wazi kwa mwanga unaoonekana kilifanyika miaka ya 1960 nchini Ujerumani, katika maabara ya mkemia Hans Kuhn, mikononi mwa Karl Heinz Drexhage. Drexhage alichukua kioo cha metali na kukitandika matabaka ya asidi ya mafuta, kila tabaka likiwa na unene wa molekuli moja, kama nanomita 2.6. Juu yake akaweka tabaka jembamba la molekuli zenye atomu ya uropiamu, ambazo zikisisimuliwa hutoa mwanga mwekundu baada ya muda unaofikia takriban milisekunde moja. Kwa kuongeza tabaka moja baada ya jingine, aliweza kuzisogeza molekuli hizo mbali na kioo kwa hatua za nanomita chache, jambo ambalo hakuna chombo cha fundi kingeweza kulifanya wakati huo. Kila hatua alipima muda ambao molekuli hukaa na nishati yake kabla ya kung'aa.

Muda ule haukubaki uleule. Ulipanda na kushuka, ukapanda tena na kushuka, kadiri umbali ulivyoongezeka. Na molekuli zilipokuwa karibu mno na metali, muda ulishuka ghafla na mwanga ukafifia: nishati ilikuwa inaingia moja kwa moja ndani ya metali na kuishia kuwa joto. Atomu ya uropiamu ilikuwa ileile katika vipimo vyote. Kilichobadilika ni umbali wake na jirani.

Maabara hiyo ilikuwa katika Chuo Kikuu cha Marburg, na Drexhage aliyaandika matokeo hayo katika tasnifu aliyoiwasilisha hapo mwaka 1966. Mwaka uliofuata, katika mji uleule, wafanyakazi wa kiwanda cha chanjo waliugua homa kali na kutokwa damu. Walikuwa wamegusa damu na viungo vya tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya utafiti. Wagonjwa walipatikana pia Frankfurt na Belgrade. Jumla waliugua watu 31, na 7 kati yao walifariki. Kirusi kilichopatikana kikapewa jina la mji, ingawa asili yake ilikuwa upande huu wa dunia, katika nchi inayopakana na Kagera. Kwa hiyo jina la Marburg lilikuja kubeba mambo mawili yasiyohusiana: kipimo cha jinsi jirani anavyoubadili mwanga, na ugonjwa unaoua. Yalikuja kukutana baadaye sana, ndani ya kimrija cha maabara.

Kabla ya kufika huko, uzuiaji wa mwanga unastahili kutajwa, maana ndio unaothibitisha hoja kwa nguvu zaidi. Kama jirani anaongeza njia, basi pawepo pia namna ya kuzifunga. Mwaka 1983 kundi la watafiti wa Paris, akiwemo Serge Haroche, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, waliziweka atomu za sodiamu ndani ya chumba kidogo cha metali na kuongeza kasi yao ya kutoa mawimbi mafupi ya redio mara 500 hivi. Mwaka 1985 Daniel Kleppner na wenzake kule Marekani walifanya kinyume chake: walizipitisha atomu za sizi kati ya mabamba mawili yaliyo karibu kiasi kwamba wimbi lililotakiwa kutoka halikuweza kutoshea katikati. Atomu zilikaa na nishati yao angalau mara 20 zaidi ya kawaida. Zilikuwa tayari kabisa, lakini njia haikuwepo.

Turudi kwenye nanomita, kwa kuwa mwanga unaoonekana una mawimbi mafupi, yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700, na majirani wake nao lazima wawe wadogo. Chembe ya dhahabu yenye kipenyo cha nanomita 80 ni mfano mzuri. Elektroni zake zinaweza kuyumba zote kwa pamoja, mbele na nyuma, zikiitikia uga wa mwanga. Molekuli ya rangi ikiwa karibu, chembe hiyo hufanya kazi kama antena ya redio: inaikusanyia molekuli mwanga wa kuisisimua, na inaisaidia kutuma mwanga wake nje. Lakini dhahabu ni metali, na elektroni zinapoyumba ndani yake hupoteza nishati kama joto. Kwa hiyo molekuli iliyo jirani na dhahabu imefunguliwa milango miwili kwa mara moja: mmoja wa kutolea mwanga, mwingine wa kupotezea joto. Yote miwili huongeza kasi ya kuondokewa na nishati. Mmoja tu ndio unaotuangazia.

Upi unashinda, umbali ndio unaoamua. Mwaka 2006 makundi mawili, moja la Rochester nchini Marekani na jingine la Zürich nchini Uswisi, yalipachika chembe moja ya dhahabu kwenye ncha ya kioo kilichochongwa na kuisogeza taratibu juu ya molekuli moja ya rangi. Mwanga uliongezeka kadiri dhahabu ilivyokaribia. Zürich waliripoti ongezeko la karibu mara 20. Rochester waliendelea kusogeza, na kwa umbali wa takriban nanomita 5 mwanga ulifika kilele. Walipozidi kukaribia ulianguka, na karibu na kugusana ukawa kama umezimwa. Dhahabu ileile, molekuli ileile, taa ileile ya leza. Nanomita 5 zilikuwa baraka, nanomita 1 ikawa hasara.

Hapa panahitaji uangalifu katika kusoma namba kubwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti mwanga ulioongezeka hadi mara 1,340, kwa kutumia pembetatu mbili za dhahabu zilizotazamana kwa ncha, zikiacha mwanya mwembamba katikati. Namba hiyo ni ya kweli, lakini rangi iliyotumika ilikuwa dhaifu kwa asili yake: ikiachwa peke yake, sehemu kubwa ya nishati yake hupotea bila mwanga. Rangi ambayo tayari inatoa fotoni 90 kwa kila misisimko 100 haiwezi kuongezewa mara elfu kwa kuzibiwa mwanya wa hasara, kwa sababu hakuna wa kutosha kuziba. Atakayesoma tangazo la kifaa kipya cha kupima magonjwa kinachodai kuzidisha mwanga mara elfu anapaswa kuuliza kwanza: mara elfu ya rangi ipi?

Jirani si lazima awe metali. Mwaka uleule wa 1946 ambao Purcell alichapisha taarifa yake, Mjerumani Theodor Förster alianza kueleza jinsi molekuli moja inavyoweza kuikabidhi nyingine nishati, na mwaka 1948 akaikamilisha nadharia hiyo. Watu wengi hudhani kwamba molekuli ya kwanza hutoa mwanga, kisha ya pili huumeza, kama pazia jeusi linavyomeza mwanga wa dirishani. Sivyo. Karibu sana na molekuli iliyosisimka, katika umbali mdogo kuliko urefu wa wimbi, kuna uga wa umeme unaoyumba ambao bado haujawa mwanga. Haujajitenga na chanzo chake wala haujaanza safari. Molekuli ya pili, kama inaweza kuyumba kwa masafa yaleyale, huichukua nishati humo humo. Fotoni haizaliwi.

Ushahidi uko kwenye saa. Molekuli ya rangi ya fluoresini, ambayo hunyonya mwanga wa buluu na kutoa wa kijani, hukaa na nishati yake kwa muda wa kama nanosekunde 4, muda ambao mwanga husafiri mita 1.2 tu. Ingekuwa jirani ni pazia tu, nanosekunde hizo 4 zisingebadilika, maana pazia halimjui aliyewasha taa. Lakini jirani wa Förster akiwepo, muda hufupika. Molekuli inaondokewa na nishati mapema zaidi, kwa sababu imepata njia mpya.

Förster alionyesha pia kwamba mapokezano haya hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Kwa jozi nyingi za rangi, umbali ambao nusu ya nishati hupokezanwa ni kama nanomita 5. Ukiupunguza kwa nusu, asilimia 98 hivi ya nishati huenda kwa jirani na molekuli hubaki giza. Ukiuzidisha mara mbili, haifiki hata asilimia 2. Kati ya nanomita mbili na nusu na kumi, molekuli hutoka gizani na kuwa taa. Ni vigumu kutaja kifaa kingine kinachowaka na kuzimika kwa mwendo mdogo kiasi hicho.

Kipimo cha PCR, ndicho kilichotumika kwa sampuli za Maruku, kimejengwa juu ya mwendo huo. Kirusi cha Marburg hubeba taarifa zake katika RNA, na hatua ya kwanza ni kuinakili iwe DNA. Kisha sehemu fulani ya DNA hiyo huongezwa mara mbili katika kila mzunguko wa joto na ubaridi, kati ya nyuzi 95 na 60 hivi. Mizunguko 30 huzaa nakala zaidi ya bilioni moja kutoka kwenye nakala moja. Lakini nakala hazionekani, na mashine inahitaji ishara. Ndipo kinapoingia kipande kifupi cha DNA kilichotengenezwa maabara, ambacho herufi zake zinalingana na za kirusi kinachotafutwa. Ncha moja imefungwa rangi inayong'aa, mara nyingi ya jamii ya fluoresini. Ncha nyingine imefungwa molekuli ya kuzima. Kikiwa kizima kimejikunja ndani ya maji, ncha zake mbili ziko jirani, na rangi iko giza.

Kirusi kikiwepo, kipande hicho hushikamana na nakala zake. Kimeng'enya kinachonakili DNA, ambacho asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji ya moto, hukuta kipande hicho njiani na kukikatakata. Rangi inaachiliwa na kuelea mbali na mzimaji wake. Katika kimrija cha kawaida, molekuli hizi zimetapakaa kwa wastani wa nanomita 200 hivi kati ya moja na nyingine. Kwa kanuni ya kipeo cha sita, kutoka nanomita 5 hadi 200 nguvu ya mzimaji inapungua zaidi ya mara bilioni nne. Rangi sasa ni huru, na mwanga wa buluu ukiipiga, inang'aa kijani. Kila nakala mpya ya kirusi inaachilia rangi moja zaidi. Mashine inahesabu mwanga kila mzunguko, na mstari kwenye skrini, uliokuwa umelala, unaanza kupanda. Sampuli yenye virusi vingi hupanda mapema. Sampuli yenye virusi mara kumi pungufu huchelewa kwa mizunguko mitatu na kidogo. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu hutumia ndugu wa kipande hiki, chenye umbo la kipini cha nywele, ambacho hukunjuka badala ya kukatwa. Sanaa ni ileile: kuitenga rangi na jirani yake.

Ndivyo jibu la Maruku lilivyopatikana. Tarehe 21 Machi 2023 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa ule ulikuwa Marburg, mara ya kwanza kuthibitishwa Tanzania. Uchunguzi ulimfuatilia mgonjwa wa kwanza hadi kisiwa cha Goziba, katika Ziwa Victoria, upande wa Muleba. Mpaka mlipuko unakwisha walikuwa wameugua watu 9, mmoja kati yao akihesabiwa kwa dalili na mazingira bila kipimo, na 6 walifariki. Miongoni mwa waliougua walikuwamo wahudumu wa afya.

Waliougua kwa kuhudumia wenzao wanastahili kukumbukwa wakati wa kuzungumzia vipimo, kwa sababu muda kati ya sampuli kuchukuliwa na jibu kurudi ni muda ambao muuguzi anafanya kazi bila kujua anamshika nani. Ndani ya mashine, umbali unaoamua ni nanomita 5. Nje yake, umbali ulioamua mwanzoni ulikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kati ya Bukoba na maabara ya taifa. Umbali wa kwanza fizikia iliumaliza miaka mingi iliyopita. Wa pili ni kazi ya bajeti, barabara, umeme usiokatika na mafundi wa maabara waliofunzwa, na hakuna nadharia ya Förster itakayoifanya kwa niaba yetu. Ni jambo la kutia moyo kwamba umeanza kupungua. Marburg iliporudi Kagera, safari hii wilayani Biharamulo, Rais Samia Suluhu Hassan alipoitangaza tarehe 20 Januari 2025 alieleza kwamba vipimo vilifanyika katika maabara inayohamishika ya Kabyaile, humo humo mkoani, kisha vikathibitishwa Dar es Salaam. Waliopoteza maisha katika mlipuko huo ni watu 10, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa kwa kipimo. Maabara ikiwa karibu bado haitoshi, kama mgonjwa anafariki kabla hajafikiwa.

Kipo kipimo kingine ambacho kila mzazi wa Muleba anakijua, kile cha haraka cha malaria kinachofanyika zahanati kwa tone la damu. Mstari mwekundu unaotokea ni chembe za dhahabu za makumi machache ya nanomita, zilizonaswa pamoja. Dhahabu hapo haizidishi mwanga wala haiuzimi. Inanyonya kijani kutoka kwenye mwanga wa mchana, na macho yanaona wekundu uliobaki. Ni bati la senene kwa kipimo kidogo: inashughulika na mwanga ambao tayari upo. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mashine. Udhaifu wake ni kwamba vijidudu vikiwa vichache mstari haujitokezi. Ndiyo maana maabara nyingi duniani zinajaribu kuunganisha mambo haya mawili: kadi nyepesi ya zahanati, lakini yenye rangi inayong'aa iliyowekwa kwenye umbali sahihi na dhahabu, ili antena izidishe mwanga badala ya kuuzima. Ugumu uko kwenye neno umbali. Katika maabara ya Zürich chembe moja husogezwa kwa mashine makini. Kwenye kadi inayotengenezwa kwa mamilioni, inayosafirishwa kwa boti hadi Goziba na kukaa kwenye joto kabatini, nanomita 5 lazima zibaki nanomita 5. Kinachotumika kuzilinda ni ganda jembamba la silika au uzi mfupi wa DNA kati ya dhahabu na rangi, kazi ileile ambayo matabaka ya mafuta yaliifanya Marburg mwaka 1966.

Kwa sasa, kazi nzito bado inafanywa na kimrija cha PCR. Ndani ya kimrija kimoja kuna molekuli za rangi zinazozidi trilioni mbili, kila moja na mzimaji wake pembeni. Uzimaji hauko kamili, unabaki mwanga hafifu ambao mashine imefundishwa kuutoa kwenye hesabu. Kwa kawaida kuna pia kipande cha pili chenye rangi tofauti, kinachotafuta kitu ambacho lazima kiwepo katika kila sampuli ya binadamu. Mstari wake ukipanda, mtaalamu anajua kwamba kipimo kimefanya kazi na sampuli ilikuwa nzuri. Hapo tu ndipo giza la rangi ya kwanza linapoweza kuaminiwa.

Ili mlipuko wa Marburg utangazwe kuwa umekwisha, lazima zipite siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya muda mrefu zaidi ambao kirusi hukaa mwilini kabla ya dalili. Katika siku hizo kila mwenye homa ya kutilia shaka hupimwa. Mwaka 2023 sampuli ziliendelea kuingia kwenye mashine, rangi ya pili ikapanda kama inavyotakiwa, na ya kwanza ikalala mizunguko yote, kila molekuli ikiwa bado imeshikwa na jirani yake. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha.